Usingizi Ukipotea Katikati ya Matibabu, Peleka Taarifa

Ifuatayo ni mada iliyotolewa na Afisa Habari wa Halmashauri katika mkutano wa kata kuhusu huduma za afya. Inachapishwa kwa ukamilifu kwa kuwa wananchi wengi waliohudhuria waliomba kuipata kwa maandishi, na kwa ajili ya wale ambao hawakuweza kufika.

  

Mmezoea kuniona upande wa pili wa mkutano, nimeshika kamera na daftari, nikinukuu wanayosema wengine. Leo Mheshimiwa Diwani ameniomba nisimame mbele. Mimi si daktari. Nina stashahada ya mawasiliano ya umma, na kazi niliyoajiriwa kuifanya ni kuhakikisha kwamba habari inatoka kwa aliye nayo na kumfikia anayeihitaji. Nimekubali kusimama hapa kwa sababu niliwahi kushindwa kuifanya kazi hiyo kwa ajili ya mwili wangu mwenyewe, na kushindwa huko nusura kunigharimu maisha. Maelezo ya kitabibu nitakayoyatoa yamepitiwa na wataalamu wa idara yetu ya afya. Makosa nitakayoyasimulia ni yangu.

Mada yangu ni kukosa usingizi wakati wa matibabu ya tezi ya shingo na ya tezi za adrenali. Naomba nianze na neno la kubeba nyumbani, ili hata anayewahi shambani aondoke nalo. Ukiwa katika dawa za tezi hizi, kisha usingizi ukakutoroka, usiache dawa, usijiongezee dawa, wala usinunue dawa ya usingizi. Rudi ulikoandikiwa dawa, ukaeleze.

Tezi hizi na kazi yake

Tezi ya shingo imekaa mbele ya koo, chini kidogo ya kikoromeo, na umbo lake hufanana na kipepeo aliyetandaza mbawa. Homoni inayoitoa ndiyo inayopanga kasi ya mwili mzima: kasi ya moyo, ya tumbo, ya kutengeneza joto, hata kasi ya mawazo. Tezi ikitoa homoni kupita kiasi, mwili huenda mbio usiku na mchana. Ikitoa pungufu, mwili hukokota miguu.

Tezi za adrenali ni mbili, na kila moja imekaa juu ya figo kama kofia. Miongoni mwa homoni zake ipo iitwayo kotiso. Hiyo hulinda shinikizo la damu na sukari mwilini, na hutupa nguvu ya kustahimili homa, jeraha, njaa na mshtuko.

Sisi watu wa nyanda za juu hatuhitaji kuelezwa rovu ni nini. Mvua za milimani huosha madini joto kutoka ardhini, na chakula kinachoota katika udongo huo hukosa madini hayo, ambayo tezi ya shingo huyahitaji ili itengeneze homoni yake. Tezi iliyokosa madini joto huvimba. Bibi zetu waliishi na uvimbe huo shingoni wakadhani ni sehemu ya uzee. Wapo hapa wanaokumbuka kumezeshwa vidonge vya mafuta yenye madini joto shuleni katika miaka ya 1980, na katikati ya miaka ya 1990 nchi yetu iliweka sheria ya kutia madini joto kwenye chumvi. Endeleeni kununua chumvi hiyo, na muihifadhi katika chombo chenye mfuniko, mbali na jua na unyevu, kwa maana madini hayo hupotea.

Hata hivyo, chumvi haikumaliza magonjwa yote ya tezi. Yapo yanayotokea pale kinga ya mwili inapoigeukia tezi yake yenyewe, ikaichochea ifanye kazi kupita kiasi au ikaiharibu. Magonjwa hayo huwapata wanawake zaidi kuliko wanaume. Mimi ni mmoja wao.

Yaliyonipata

Mtoto wangu wa pili alipokuwa na mwaka mmoja na nusu, picha zangu zilianza kutoka na ukungu. Ziara za viongozi, uzinduzi wa visima, mitihani ya darasa la saba, zote ziliharibika. Nililaumu kamera, hadi siku nilipojaribu kushika kikombe cha chai mbele ya wageni nikaona mkono wangu ukitetemeka. Nilikuwa nakula sana na kukonda. Nilitoka jasho katika baridi ya mwezi wa saba. Na usiku, saa nane kamili, macho yalikuwa wazi, nami nikiusikia moyo wangu ukidunda ndani ya mto.

Jirani mmoja alinishauri nikatafute aliyeniroga. Mwingine alisema ni mawazo ya kazi. Katika kituo cha kwanza nilikokwenda niliambiwa ni uchovu wa kulea, nikapewa dawa ya maumivu. Ni muuguzi wa mahali pengine aliyeniambia nimeze mate huku akinigusa shingo, kisha akaniandikia rufaa ya kipimo cha damu. Tezi yangu ilikuwa ikitoa homoni kupita kiasi.

Nilianzishiwa kabimazole, ambayo huzuia tezi kutengeneza homoni, pamoja na propranolo ya kutuliza mapigo ya moyo. Nilirudi nyumbani nikitarajia kulala usiku uleule. Sikulala. Wiki ya pili nilikuwa tayari kuvitupa vidonge chooni. Jambo ambalo sikulijua, na ambalo sikuuliza, ni kwamba kabimazole huzuia homoni mpya, lakini homoni iliyokwisha kutengenezwa hubaki katika ghala la tezi na huendelea kutumika kwa wiki kadhaa. Sikujua pia kwamba propranolo yenyewe huweza kuwaletea baadhi ya watu ndoto za kutisha na usingizi wa vipande vipande. Hilo daktari akielezwa anaweza kubadilisha saa ya kumeza au kubadilisha dawa. Mimi nilinyamaza.

Baada ya miezi michache nilipata nafuu, nami nikafanya kosa ambalo nimelisikia kwa wengi: sikurudi kupima. Nauli ilikuwa ghali, kazi zilikuwa nyingi, na nilijiona nimepona. Kumbe dozi ileile iliyoniokoa sasa ilikuwa imezidi. Mwili ulipoa. Nilivaa sweta mchana, nilinenepa, nilisinzia katika vikao vya Baraza hadi siku moja nikanukuu maneno ya Mheshimiwa mmoja kama ya mwingine. Mume wangu aliniambia kwamba nimeanza kukoroma, na kwamba wakati mwingine pumzi hukatika kidogo kisha hurudi kwa mshtuko. Hilo nalo ni tatizo la usingizi. Tezi iliyolegea humfanya mtu alale saa nyingi na aamke amechoka, kwa sababu usingizi wenyewe hauna utulivu.

Tezi iliyumba hivyo mara mbili, juu na chini, na mwishowe madaktari waliamua kuiondoa kwa upasuaji. Tangu siku ile ninameza levothairoksini kila siku, na nitaimeza maisha yangu yote. Dawa hii hujaza nafasi ya homoni ambayo mwili wangu hauwezi tena kuitengeneza.

Hapo ndipo lilipokuja kosa kubwa. Miezi kadhaa baada ya upasuaji nilikuwa bado nachoka. Nilikwisha kujifunza kwamba kidonge hiki ndicho kinacholeta nguvu, basi nikajiongezea nusu. Sikumwambia mtu. Kila asubuhi nilikata kidonge kwa kisu cha jikoni, nikameza kimoja na nusu.

Laiti ningeuliza, ningeambiwa chanzo cha uchovu ule. Nilikuwa nikimeza dawa pamoja na chai ya maziwa, na mkono huohuo ukishika vidonge vya kuongeza damu nilivyopewa baada ya upasuaji. Madini ya chuma na maziwa huishika dawa hii tumboni na kuizuia isiingie kwenye damu. Sehemu ya dozi yangu ilikuwa ikipotea kila siku. Kisha vidonge vya kuongeza damu vilipokwisha, dozi niliyojiongezea ikaanza kuingia bila kizuizi.

Dawa hii pia haina haraka. Hukaa mwilini muda mrefu. Inachukua takriban siku saba kwa kiasi kilichomo mwilini kupungua hadi nusu. Kwa hiyo mtu akijiongezea leo, haoni kitu kesho. Homoni hujilimbikiza kidogo kidogo kwa wiki nyingi. Ndiyo sababu wataalamu husubiri wiki 6 hadi 8 baada ya kubadilisha dozi kabla ya kupima damu tena. Mimi nilipoanza tena kuamka saa nane usiku, sikuhusisha kabisa na kisu cha jikoni. Nikaenda duka la dawa kununua vidonge vya usingizi, na nikauziwa bila cheti.

Asubuhi moja, katikati ya mkutano wa hadhara, moyo ulianza kwenda bila mpangilio, kama ngoma iliyopoteza mpigaji. Nilianguka karibu na kamera yangu. Hospitalini daktari alimwuliza mume wangu namna ninavyotumia dawa. Mume wangu alijibu kwamba ninatumia kama nilivyoandikiwa, kwa sababu ndivyo nilivyomwambia. Binti yetu wa kwanza, aliyekuwa darasa la kwanza, alikuwa amesimama kando ya kitanda. Yeye akasema, "Mama huvikata kwa kisu, anakula kimoja na kipande."

Ndugu wananchi, habari iliyomwokoa Afisa Habari wa Halmashauri yenu ilitolewa na mtoto wa darasa la kwanza. Wahenga walisema, mficha maradhi kilio humfichua. Mimi nilijaliwa mtoto akanifichua kabla ya kilio.

Jogoo anayewika usiku

Sasa nije kwa tezi za adrenali. Mzee mmoja wa kata jirani ameniridhia nisimulie yaliyompata bila kumtaja.

Mzee huyu alikuwa na ugonjwa mbaya wa ngozi, akaandikiwa predinisoloni, dawa iliyo katika jamii moja na kotiso. Ilimsaidia sana. Alizoea kuimeza baada ya chakula cha usiku, kwa kuwa ndiyo saa mkewe aliyokuwa akimkumbusha. Miezi ikapita, na mzee akawa halali. Saa sita za usiku alikuwa zizini akihesabu ng'ombe. Alikuwa mkali kwa wajukuu, na moyoni alihisi kama mtu anayengoja msafara usiofika. Siku moja akasema dawa hii inanitia wazimu, akaiacha papo hapo.

Siku chache baadaye alianza kutapika, akaishiwa nguvu, akisimama anaona giza. Nyumbani walidhani ni malaria. Kipimo kikaonyesha hana. Alipofikishwa hospitali shinikizo la damu lilikuwa limeshuka vibaya. Alipona kwa sababu mkewe alifunga pakiti tupu ya ile dawa kwenye pindo la kanga, akamwonyesha daktari akisema, "Hii ndiyo aliyoiacha."

Tuelewe kilichotokea. Kwa mtu anayelala usiku, kotiso ya mwili huwa chini kabisa karibu na usiku wa manane, huanza kupanda kabla ya alfajiri, na hufika kilele asubuhi. Ndiyo jogoo wa mwili. Anayemeza predinisoloni usiku amemfanya jogoo awike watu wakiwa wanatandika vitanda. Kwa sababu hiyo dawa hii, kama daktari hakuagiza vinginevyo, humezwa asubuhi baada ya chakula. Kwa mzee wetu, huenda kuhamisha saa ya kumeza tu kungemrudishia usingizi wake.

La pili ni zito zaidi. Mtu akitumia dawa hizi kwa zaidi ya wiki tatu hivi, tezi zake huona kazi imefanywa na mwingine, nazo hulala. Dawa ikikatwa ghafla, tezi haziamki siku hiyo. Huchukua wiki, wakati mwingine miezi. Katika kipindi hicho mwili hauna kotiso ya kutosha, na homa ndogo tu inaweza kuua. Ndiyo maana dawa hizi hupunguzwa ngazi kwa ngazi chini ya uangalizi wa daktari.

Wapo pia watu ambao tezi zao za adrenali zimeharibika zenyewe. Daktari Thomas Addison wa London aliueleza ugonjwa huo mwaka 1855, na miongoni mwa wagonjwa wake walikuwamo walioharibiwa tezi na kifua kikuu. Katika nchi zetu kifua kikuu kingali moja ya sababu zake. Wagonjwa hawa hupewa haidrokotisoni kila siku, kwa kawaida mara mbili au tatu, dozi kubwa ikiwa ya kuamkia na ya mwisho ikiwa alasiri au jioni mapema. Ikichelewa sana, usingizi hukimbia. Ikiwa pungufu, mgonjwa huweza kuamka usiku akitetemeka, dhaifu, sukari ikiwa imeshuka. Kwa hiyo kukosa usingizi peke yake hakumwambii mgonjwa kama dawa imezidi au imepungua. Anayeweza kupambanua ni mtaalamu mwenye maelezo yako na vipimo vyako.

Tezi hizi mbili zinahusiana. Mwanakemia wa Marekani Edward Kendall, aliyefaulu kuitenga homoni ya tezi ya shingo mwaka 1914, ndiye pia aliyepata Tuzo ya Nobel mwaka 1950, pamoja na wenzake wawili, kwa kazi juu ya homoni za adrenali. Madaktari wamejifunza kwamba mgonjwa aliyepungukiwa na zote mbili hupewa kwanza dawa ya adrenali, ndipo afuatishiwe ya tezi ya shingo. Kuuongezea mwili kasi wakati hauna kotiso ni kumhatarisha mgonjwa. Kwa hiyo usimwazime jirani dawa yako ya tezi kwa kuwa dalili zenu zinafanana.

Nina neno pia kwa ndugu zetu wanaotumia dawa za jamii ya kotiso bila kujua. Baadhi ya krimu za kung'arisha ngozi, na baadhi ya vidonge vinavyouzwa kwa siri vya kunenepesha, huwa na dawa hizi. Sikuja kumwaibisha mtu. Ila kama unatumia, mweleze mhudumu wa afya kabla hujaacha, maana hatari ya kuacha ghafla haichagui aliyeandikiwa na aliyejinunulia.

Kwa nini dawa ya usingizi si jibu

Kidonge cha usingizi hufunika dalili na kuacha sababu ikiendelea. Mimi nilijilaza kwa vidonge huku moyo wangu ukizidi kuchokozwa na homoni. Kwa mtu ambaye tezi yake imelegea, hatari ni nyingine: mwili wake huondoa dawa za kulaza taratibu mno, na pumzi yake huweza kudhoofika akiwa usingizini. Pombe nayo hulaza kwa saa chache, kisha huamsha usiku wa manane na kuzidisha kukoroma.

Yapo mambo ya nyumbani yanayosaidia, na hayahitaji fedha. Chai ya rangi na kahawa ziishie adhuhuri, kwa maana nusu ya kichangamshi chake hubaki mwilini saa nyingi baadaye. Amka saa ileile kila siku, hata kama usiku ulikuwa mbaya. Toka nje asubuhi upate mwanga. Simu ilale chumba kingine. Mambo haya husaidia dawa iliyopangwa vizuri. Hayawezi kurekebisha dozi iliyokosewa.

Namna ya kupeleka taarifa

Ukifika zahanati na kusema "silali" umesema kweli, lakini hujampa mhudumu cha kufanyia kazi. Chukua daftari la mtoto la shule, na kwa siku 14 andika mambo haya:

Saa uliyomeza kila dawa, na ulichokula au kunywa pamoja nayo.
Saa uliyolala, saa ulizoamka usiku, na ulivyojisikia ulipoamka: jasho, moyo kwenda mbio, njaa, kutetemeka au ndoto mbaya.
Mapigo ya moyo wako asubuhi kabla ya kutoka kitandani, kwa dakika moja. Mhudumu wa afya wa kijiji atakufundisha kuyahesabu.
Dawa nyingine zote, zikiwemo za kuongeza damu, za kifua kikuu, za asili, krimu na vidonge vya dukani. Baadhi ya dawa za kifua kikuu huongeza kasi ya mwili kuziondoa dawa za tezi, na dozi huweza kuhitaji kubadilishwa.

Asiyejua kuandika amwombe mwanafunzi wa nyumbani amwandikie. Mmekwisha kusikia kwamba watoto ni mashahidi wazuri.

Kwa wanaotumia levothairoksini, utaratibu wa kawaida ni kuimeza tumbo likiwa tupu, kwa maji matupu, nusu saa hadi saa moja kabla ya chai au chakula. Vidonge vya madini ya chuma au vya kalisiamu vikae mbali nayo kwa saa nne. Ndugu zetu Waislamu wanaofunga Ramadhani waulize mapema juu ya kuhamishia dawa usiku, na wanaotumia dawa za adrenali wasifunge kabla ya kuzungumza na daktari.

Zahanati yetu haifanyi kipimo cha homoni za tezi. Inachoweza kufanya ni kukusikiliza, kupima shinikizo na mapigo ya moyo, kuangalia unavyomeza dawa, na kukuandikia rufaa yenye maelezo kamili. Siku za kliniki ya magonjwa yasiyoambukiza zimebandikwa kwenye ubao wa matangazo wa ofisi ya Mtendaji wa Kata. Najua nauli ni mzigo, maana ndiyo iliyonizuia mimi. Kwa sababu hiyo nawasihi mpeleke daftari zahanati kwanza, ili safari ya mjini ikifanyika, ifanyike mara moja na kwa manufaa.

Yapo pia mambo yasiyongoja siku ya kliniki. Wahi kituo cha afya au hospitali siku hiyo hiyo ukiona moyo unakwenda mbio au bila mpangilio hata ukiwa umepumzika, au unapata maumivu ya kifua, au umezimia. Mtumiaji wa kabimazole akipata homa na koo kuuma asimeze dozi nyingine kabla ya kupimwa damu siku hiyo, kwa kuwa dawa hii, japo kwa nadra, hushusha chembe nyeupe za kinga. Mtumiaji wa dawa za adrenali anayetapika na kushindwa kubakiza dawa tumboni apelekwe hospitali bila kungoja kupambazuke, anahitaji sindano. Na aulize mapema, akiwa mzima, dozi iongezwe vipi siku atakayopata homa.

Kwa walio nyumbani na mgonjwa

Mume, mke, mama mkwe, watoto: ninyi ndio mnaomwona mgonjwa saa nane usiku. Mwenye tezi iliyozidi huwa mkali na mwenye papara. Mwenye tezi iliyolegea huonekana mvivu. Anayemeza predinisoloni huweza kucheka na kulia siku moja. Kabla ya kumwita mchawi au mzembe, muulizeni ameza dawa saa ngapi. Na akienda kliniki, mmoja wenu amsindikize. Mgonjwa huficha, au husahau. Msindikizaji hukumbuka.

Kwa upande wetu, Kitengo cha Mawasiliano kimechapa kadi ndogo ya Kiswahili yenye nafasi ya kuandika jina la dawa, saa ya kumeza, kisichopaswa kuambatana nayo, na tarehe ya kurudi kupima. Kadi hizi zitapatikana dirisha la dawa la zahanati bila malipo. Nawaomba wauzaji wa maduka ya dawa muhimu katika kata yetu nao wachukue, na pia wamwulize kila anayetaka dawa ya usingizi swali moja: "Unatumia dawa gani nyingine?" Mimi ningeulizwa swali hilo siku ile, huenda nisingeanguka.

Siku hizi ninalala. Si kila usiku, lakini nyingi kati ya hizo. Kidonge changu kiko juu ya kabati, pembeni ya kikombe cha maji, na kile kisu kimerudi kwenye kazi ya kukata vitunguu. Binti yangu sasa yuko darasa la nne, na kila asubuhi kabla ya kwenda shule huniuliza, "Mama, umemeza kimoja?" Nami humjibu ukweli.

 Mwenye swali aulize sasa hivi. Na aliye na swali asilotaka kuliuliza mbele za watu, Mganga Mfawidhi na mimi tutabaki chini ya mwembe ule hadi mtu wa mwisho aondoke.